Wageni wa Rispa Kageha

Kesi za watoto waliodhulumiwa katika mahakama ya Makadara husikilizwa milango ikiwa imefungwa, lakini mabenchi ya nje hayana mlango, na Rispa Kageha alifagia chini ya mabenchi hayo kwa miaka kumi na minne. Watu wakilia hawamwoni mfagiaji. Walisema yote. Rispa alisikia kesi nyingi kuliko mawakili kadhaa wa pale, na akaondoka na elimu moja tu: hakukuwa na mshtakiwa hata mmoja aliyeruka ua. Wote walipitia mlangoni. Walipiga hodi, wakaambiwa karibu, wakauliza watoto hawajambo, wakapewa chai. "Tulimwona mtu mzuri," mama wa mtoto alisema kila mara, na Rispa alimjibu kimoyomoyo, huku akisukuma vumbi, "Ndiyo, na mkamkaribisha wenyewe."

Kazi ya usafi ilipopewa kampuni, kampuni ikaja na wafagiaji wake. Rispa alikaa nyumbani wiki tatu, akaona ukuta unamtazama, akaenda kuomba kazi ya ubawabu katika shule moja ya msingi huko Baba Dogo, iliyobanwa kati ya kiwanda cha magodoro na kanisa la mabati. Walikuwa wakitafuta mwanamume. Mwanamume waliyempata alikuwa amelala kwenye kiti siku ya mahojiano. Hivyo ndivyo Rispa alivyopewa koti refu la kijani, rungu ambalo hakuwahi kulitumia ila kufukuza mbuzi, na kitabu cha wageni.

Watoto walimwita Mama Geti. Jina hilo halikumkera. Kilichomkera ni kitabu. Aliyemtangulia alikuwa akikipokea bila kukisoma, na watu wakijua husomi, wataandika nini? Mmoja alikuwa amejiita Mungu Mwema. Mwingine, kwenye sababu ya kuja, aliandika "kuja." Kulikuwa pia na safu ya joto la mwili iliyobaki tangu miaka ya korona, kipimajoto kiliharibika zamani, lakini safu ilikuwepo, na kila mgeni aliijaza 36.5 kwa uaminifu mkubwa. Rispa alianza kusoma. Alisoma kila mstari mbele ya mwenyewe, kwa sauti, na namba ya simu ikipungua tarakimu moja aliirudisha. Mkaguzi wa elimu alirudishwa mara mbili. Mwalimu mkuu, Madamu Koki, alisikia habari hiyo akacheka peke yake ofisini, kisha akamwongezea Rispa kalamu mbili.

Mwaka uliopita ndipo makocha wa nje walipoanza kuja. Walimu wa shule wana madarasa ya watoto sabini, na hakuna aliyebakiwa na pumzi ya kupuliza filimbi saa kumi jioni. Kwa hiyo shule ikakaribisha watu wa michezo kutoka mitaani. Madamu Koki hakulala kabla ya kuweka masharti. Aliyaandika kwenye karatasi kubwa ya manila akaibandika ukutani kwa Rispa: kocha aandike kitabuni kila aingiapo na atokapo, alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, asibaki na mtoto pasipo mwalimu, na mtoto asivuke geti na kocha bila barua ya ofisi na mzazi mwenyewe kujua. Rispa aliisoma karatasi ile kama mtu anayesomewa wosia wa babake. Hatimaye kumetokea mtu mwingine Nairobi anayejua watu wabaya wanaingilia wapi.

Wa kwanza kuonja ukali huo alikuwa Austine, kocha wa mpira. Austine alikuwa kijana wa Kariobangi mwenye nywele za rangi ya chungwa, hereni sikio moja, na suruali inayoning'inia. Rispa alimtazama mara moja akajua kazi imeanza.

"Niaje mathee."

"Sijambo. Andika."

Aliandika. Rispa akasoma. Akataka kitambulisho, akakilinganisha na uso, akakirudisha, akakitaka tena. Cheti cha tabia njema Austine alikuja nacho siku ya pili. Rispa akakiinua juani. Siku nyingine kocha alitoka nje kununua maji, akarudi baada ya dakika tatu, akakuta kitabu kimefunguliwa.

"Mathee, si nimesign saa hii tu?"

"Hiyo ilikuwa ya kuingia. Ukatoka. Sasa unaingia."

"Na hii ya joto?"

"Jaza."

"Poa, leta hiyo kitabu." Akaandika 36.5. Hakuwahi kukasirika, na jambo hilo nalo Rispa aliliona la kutiliwa shaka.

Miezi mitatu baadaye Madamu Koki alisema anatafuta kocha wa riadha, na Rispa akamleta Phares.

Phares alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao, mtu wa shati lililopigwa pasi, aliyewahi kukiwakilisha chuo chake katika mbio. Kwao ni Mbale, kilima kimoja na kwao Rispa, ukoo mmoja, na kwa hesabu za ukoo babake alikuwa kakake Rispa. Alimwita senge, yaani shangazi kwa lugha ya kwao, na alilitamka kwa mikono miwili, akiinama kidogo. Mjini hapa Rispa hakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Wanawe wawili walikuwa Qatar, na walipopiga simu walimwita "mum."

Siku ya kwanza Phares alisimama getini akatoa kalamu yake mfukoni. Tuseme ukweli, aliitoa. Alikuwa ameanza hata kuinama juu ya kitabu. Rispa ndiye aliyemshika mkono.

"Weka hiyo kalamu. Mtoto wa kakangu nitamwandikaje mgeni?"

"Lakini senge, kuna masharti."

"Masharti ni ya wageni."

Yeyote aliyelelewa kule kwao angemwelewa. Mtoto wa ndugu yako akifika kwako humwulizi amekuja kufanya nini, na ukimwuliza habari itafika nyumbani kabla yake: Rispa wa Nairobi siku hizi anadai watu kitambulisho. Phares akairudisha kalamu mfukoni. Tangu hapo, Jumanne na Alhamisi, alipita akisalimu "Mulembe, senge," naye Rispa alifungua geti kabla hajafika. Cheti chake kilikuwa njiani. Kilikuwa njiani muhula wa kwanza, na muhula wa pili kilikuwa bado kinakuja. Mwalimu wa zamu naye, akiona kocha mwenyewe ni mtu wa kanisa na ni jamaa ya Mama Geti, alibaki na madaftari yake ya kusahihisha.

Nje ya geti, kando kidogo ya mtaro, Lela alikaanga viazi karai. Alikuwa mjane mzaliwa wa Pumwani, mtu wa maneno machache na buibui lisilopata doa la mafuta kwa siri asiyoijua mtu. Saa nne kila siku alimimina chai vikombe viwili, kimoja akakipitisha kwenye nafasi ya geti. Miaka mitatu walikuwa wakinywa chai hivyo, chuma kikiwa katikati, wakiitana dada. Mwanawe Nasima, wa gredi ya sita, alikuwa na miguu mirefu na mbio za ajabu. Kila asubuhi alimpa Rispa shikamoo, akaingia. Phares alimchagua wiki ya kwanza. Alisema huyu mtoto ana nafasi ya kusomeshwa sekondari kwa miguu yake.

Lela aliposikia hivyo alikoroga viazi muda mrefu.

"Dada, huyu Phares wako ni mtu?"

"Ni mtoto wa kakangu."

"Basi," Lela akasema.

Hakuuliza tena. Neno hilo moja lilikuja kumsumbua Rispa kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

Alhamisi zilikuwa siku za Lela kwenda sokoni kununua viazi. Alhamisi moja ya mwezi wa sita Phares alitokea uwanjani akiwa kwenye kigari chake cheupe, Nasima ameketi kiti cha mbele. Akashusha kioo. Alisema anampeleka mtoto kujaribu viatu vya kukimbilia, kuna mfadhili, watarudi kabla ya saa kumi na moja. Karatasi ya manila ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka hapo. Rispa hakuitazama, kwani aliijua kwa moyo. Akafungua upande mmoja wa geti, gari likakwama, akafungua na wa pili. Kabla ya saa kumi na moja walirudi. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Viatu vilikuwa vimebana, alisema, vinabadilishwa.

Alhamisi ya tatu Nasima alirudi peke yake, kwa miguu. Rispa alimwona akitokea mbali upande wa Lucky Summer, anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mbio zenyewe zilikuwa nzuri kweli. Rispa akafurahi.

"Leo umemwacha hata kocha nyuma!" akampigia kelele akicheka.

Nasima alimtazama. Hakusema shikamoo. Alipita akaenda moja kwa moja uwanjani, alikokuwa Austine akikusanya mipira kwenye wavu.

Yaliyofuata Rispa aliyaona kwa mbali na hakuyaelewa. Aliona mtoto akisema maneno machache. Aliona Austine akirudi nyuma hatua mbili na kuinua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari, halafu akamwita Madamu Koki kwa sauti ambayo Rispa hakujua anayo. Hakumpeleka mtoto pembeni wala hakumshika bega. Alikaa naye chini pale pale katikati ya uwanja, mbele ya macho ya kila mtu, umbali wa mkeka mmoja kati yao, mpaka mwalimu mkuu akafika. Baadaye Austine alieleza kwamba mafunzoni waliambiwa hivyo: mtoto akianza kukwambia jambo, usimhoji, usimwahidi siri, ita mwenye jukumu, andika saa.

Alikuja getini kuandika saa.

"Mathee, ule msee wa riadha akikuja, usimfungulie."

"Phares? Kwa nini?"

Austine alimtazama, akafunga kitabu polepole. "Uliza Madam," akasema.

Mambo yalikuwa haya. Hakukuwa na mfadhili. Phares alikuwa amempa mtoto simu ndogo na kumwambia iwe siri yao, ujumbe ukisomwa ufutwe. Siku hiyo alimpeleka chumbani kwake, ghorofa ya nne, akafunga mlango, akamwambia avue viatu apimwe. Nasima alivua kimoja. Mlango ulipogongwa na jirani aliyetaka kuazima ndoo, na Phares akafungua kidogo kumjibu, mtoto alipita chini ya mkono wake akashuka ngazi. Hospitalini walisema hakuumizwa mwilini. Lela alisikia "mwilini" akaomba kiti.

Na Afisa wa Watoto, bwana mmoja mpole aitwaye Hirad, alipomwuliza Nasima kwa nini alimpita bawabu akaenda mbali vile hadi kwa kocha wa mpira, mtoto alijibu bila hasira yoyote, "Mama Geti ni senge yake."

Rispa aliletewa jibu hilo na Madamu Koki. Alikuwa amesimama; akaendelea kusimama. Aliona aibu hata kwenye vidole. Miaka kumi na minne alikuwa amewasikiliza wale akina mama wa mabenchini, akawahukumu kila mmoja kwa fagio mkononi.

Phares alikamatwa Ijumaa na kuachiliwa kwa dhamana Jumatatu, na maelezo yake yalikuwa mafupi. Yeye si kocha wa shule hiyo. Aliwahi kufika mara moja mbili kumsalimu shangazi yake. Siku hiyo ya Alhamisi hakukanyaga hapo wala hakumchukua mtoto yeyote; mtoto amemfananisha. Wakitaka kuhakikisha, waangalie kitabu cha wageni; yule bawabu anasifika mji mzima kwa kukiandika. Madamu Koki na Austine wangeweza kusema kwamba alikuwa akifundisha, lakini aliyemwona akitoka na mtoto kwenye gari alikuwa Rispa peke yake.

Jioni hiyo mzee wa kanisa, Jackton, alimtembelea Rispa nyumbani. Alikunywa chai, akaomba dua fupi, akaweka kikombe chini.

"Mama, hakuna anayekutaka useme uongo. Kitabu kipo. Waache wakisome wenyewe. Wewe nyamaza tu."

"Na wakiniuliza?"

"Useme, kitabu ndicho kinachojua. Ukifungua mdomo unamfunga mtoto wa kakako, na kazi yako inakwenda naye. Nyumbani utazikwa na nani?"

Swali la kuzikwa si la mzaha kwa watu wa kwao. Rispa alimsindikiza mzee hadi ngazini kwa heshima zote, akarudi, akakaa.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya jua kuchomoza vizuri. Akafungua kitabu kwenye ile Alhamisi. Chini ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili mitupu. Rispa alichukua kalamu. Mistari miwili ilitosha. Jina la Phares alilijua, kitambulisho angekisia, saa ya kuingia na saa ya kutoka alizikumbuka, na joto lingekuwa lile lile la watu wote. Kesi ingepata ushahidi wake, na hakuna ambaye angejua aliyemshika mtu mkono. Aliandika herufi P. Halafu akakumbuka jinsi alivyomkatalia Austine, mwezi wa tatu, kujaza mstari wa jana. "Mstari wa jana umekufa," alimwambia. Akaiacha ile P hapo ilipo, akaandika kando yake: Hii nimeandika leo, Rispa. Akaweka kalamu.

Bwana Hirad alifika saa nne. Walikaa ofisini: yeye, Madamu Koki, Lela kwenye kona akiwa amekunja mikono ndani ya buibui, na Rispa na koti lake la kijani. Afisa alipekua kurasa za mihula yote miwili bila haraka. Austine alikuwemo mara tisini na mbili, na hajawahi kupata homa.

"Mama, huyu Phares hayumo."

"Hayumo."

"Kwa hiyo hakuwa akija?"

"Alikuja kila Jumanne na Alhamisi, tangu mwezi wa pili."

"Mbona hayumo?"

"Alitaka kuandika, nikamkataza."

Afisa aliinua macho. "Ulimkataza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni mtoto wa kakangu. Nilisema masharti ni ya wageni."

Madamu Koki aligeukia dirishani. Kalamu ya afisa iliandika, ikasimama.

"Na hizo Alhamisi tatu, mtoto alitokaje na gari? Nani alifungua geti?"

Hapo ndipo mzee Jackton alipotaka kitabu kijibu. Rispa alimwona Lela akiinua uso kwa mara ya kwanza. Akajibu akimtazama yeye, si afisa.

"Mimi. Upande mmoja haukutosha, nikafungua na wa pili."

Aliyasema yote, tangu kalamu ya siku ya kwanza hadi kicheko alichomchekea mtoto anayekimbia kuokoa maisha yake. Yaliandikwa kurasa tatu. Mwishoni palikuwa na nafasi ya uhusiano wa shahidi na mshukiwa. Rispa aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zinazosomeka: SHANGAZI. Afisa alisema kwa maelezo hayo kesi itasimama, na ataitwa Makadara. Rispa akasema anapajua.

Hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, akaiomba nakala, akaibandika ukutani chini ya karatasi ya manila, mahali ambapo kila kocha angeisoma akisubiri kuandika. Kanisani walihama benchi alipokaa. Kutoka Mbale ilikuja simu moja, ikakatwa kabla hajasema haloo. Austine alipokuja Jumatatu iliyofuata, Rispa alimpa kitabu akaona hawezi kukisoma kwa sauti. Austine akakisoma mwenyewe, jina mpaka joto. "Niko sawa, mathee?" Rispa akatikisa kichwa kukubali.

Lela hakuonekana kwa siku tisa. Siku ya kumi karai lilirudi kando ya mtaro, viazi vikachemka ndani ya mafuta, saa nne ikafika ikapita. Kikombe kilikuwa kimoja. Rispa hakutarajia kingine, ila macho yake yalikwenda kwenye nafasi ya geti yenyewe.

Saa kumi Lela alinawa mikono, akaja getini kumchukua Nasima. Kwa miaka mitatu alikuwa akipenya tu, na mara nyingine alimsukuma Rispa kwa bega, wakicheka. Leo alisimama nje ya mstari wa geti.

"Nipe kitabu," akasema.

"Dada, wewe ni..." Rispa akajizuia.

"Nipe kitabu, bawabu."

Rispa akampa. Lela aliandika taratibu, mwandiko wa madrasa, wima na safi. Jina lake kamili lilikuwa refu, majina matatu ambayo Rispa hakuwahi kuyajua. Kitambulisho. Simu, tarakimu zote. Sababu ya kuja: Kumchukua mwanangu. Kwenye joto alipiga mstari, kwa kuwa hakupimwa.

Akamgeuzia kitabu, akangoja. Rispa alisoma mstari wote kwa sauti kama anavyowasomea wote, na sababu ya kuja akairudia. Kisha akaomba kitambulisho, akakilinganisha na uso, akafungua geti.